Jeraha Limepona, Lakini Mkono Haujapona

Chukulia habari ya askari wa zamu aliyekatwa panga juu kidogo ya kifundo cha mkono alipokuwa akimkamata mwizi usiku. Anafikishwa zahanati, damu inazuiliwa, jeraha linaoshwa na kushonwa. Baada ya siku 12 nyuzi zinatolewa na ngozi imeshikana vizuri. Mkewe anamshukuru Mungu, na wenziwe wanampa pole na kumwambia kuwa bahati ilikuwa upande wake.

Lakini asubuhi anapofunga vifungo vya shati, kidole gumba na kidole cha shahada havikijui kifungo. Anaposhika sigara, moto unafika kidoleni naye hana habari mpaka asikie harufu ya ngozi inayoungua. Hamwambii mtu. Anaogopa kuondolewa katika zamu, tena anadhani kwamba ganzi ni jambo la kupita, litaondoka lenyewe kama lilivyokuja. Miezi minane baadaye nyama ya chini ya kidole gumba imenywea, hawezi kukaza kitasa cha mlango wala kushika kalamu barabara, na ndipo anapokwenda kumwona daktari. Daktari anaweza kumsaidia bado, lakini si kwa kadiri ambayo angemsaidia katika juma la kwanza.

Mambo kama haya hutokea katika makambi, katika vituo vya polisi na majumbani, kwa sababu watu wengi hupima jeraha kwa ngozi. Ngozi ikifunga, huhesabu kuwa mambo yamekwisha. Inafaa ieleweke kwamba chini ya ngozi ya mkono kuna mishipa ya fahamu, na kwamba mshipa uliokatika hauwezi kungoja kama mifupa inavyongoja. Kila mwezi unaopita bila matibabu hupunguza sehemu ya mkono ambayo mtu angeweza kurudishiwa.

MISHIPA YA MKONO NA KAZI ZAKE

Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka katika uti wa mgongo shingoni kwa mizizi mitano, ikapita chini ya mtulinga hadi kwapani, na huko hugawanyika. Mitatu kati yake ndiyo mikuu inayofika kiganjani. Mshipa wa kati hupita mbele ya kifundo cha mkono. Huo ndio unaovipa fahamu kidole gumba, cha shahada na cha kati, na ndio unaokiwezesha kidole gumba kuvielekea vidole vingine. Mshipa wa upande wa kidole cha mwisho hupita nyuma ya kiwiko, mahali ambapo mtu akijigonga husikia mchomo kama wa umeme hadi kidoleni. Huo huendesha misuli midogo ya kiganja inayotanua na kubana vidole. Wa tatu huuzunguka mfupa wa mkono wa juu, nao ndio unaoinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole. Mshipa huu ukiumia, mkono huning'inia kama bendera siku isiyo na upepo.

Mshipa mmoja wa fahamu waweza kulinganishwa na waya wa simu wenye nyuzi nyingi ndogo ndani ya ganda moja. Baadhi ya nyuzi hupeleka amri kutoka ubongoni hadi kwenye misuli, na nyingine hurudisha habari za joto, maumivu na mguso. Lakini mfano huo una mwisho wake. Waya wa simu ukikatika, fundi huunga ncha mbili na mazungumzo huendelea papo hapo. Mshipa wa fahamu ukikatika, sehemu yote iliyo chini ya mkato hufa na kubaki ganda tupu. Daktari akiunga ncha hizo, hajarudisha mazungumzo. Ametengeneza njia tu. Nyuzi mpya zinapaswa kuota kutoka ncha ya juu na kusafiri ndani ya ganda hilo hadi mwisho wa safari yao.

Safari hiyo huenda polepole sana, yapata milimita 1 kwa siku. Mshipa uliokatwa kwenye kifundo cha mkono una safari ya kiasi cha sentimita 15 hadi 18 kabla ya kufika ncha za vidole, yaani miezi 5 au 6. Uliokatwa karibu na kiwiko una kiasi cha sentimita 30 hadi misuli ya kiganja, yaani miezi 10. Ulioumia begani unaweza kuwa na sentimita 70, ambazo ni karibu miaka 2.

Sasa hesabu hiyo iwekwe kando ya hesabu nyingine. Msuli uliokosa amri kutoka kwa mshipa wake hunyauka, na baada ya mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu huwa hauwezi tena kupokea amri hata mshipa ukiufikia. Mwenye kutazama hesabu hizi mbili ataona mara moja kwa nini mabingwa huhimiza haraka. Anayekaa nyumbani miezi 8 akingoja ganzi iondoke ameitumia sehemu kubwa ya muda ambao nyuzi zilihitaji kwa safari.

ELIMU ILIYOTOKANA NA VITA

Sehemu kubwa ya elimu hii ilipatikana kwa mateso ya askari. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kuanzia mwaka 1861 hadi 1865, daktari Silas Weir Mitchell na wenziwe waliwatibu katika hospitali moja ya Philadelphia askari walioumia mishipa ya fahamu. Mwaka 1864 walitoa kitabu juu ya majeraha ya risasi na mengine ya mishipa hiyo. Humo walieleza maumivu makali ya kuunguza ambayo humpata mtu baada ya mshipa kuguswa na risasi, hata askari wengine wakawa wanafunika mkono kwa kitambaa chenye maji mchana na usiku. Kabla ya hapo mtu kama huyo aliweza kudhaniwa kuwa anajisingizia.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1915, jambo moja liligunduliwa pande mbili za mstari wa vita. Paul Hoffmann upande wa Wajerumani, na Jules Tinel upande wa Wafaransa, kila mmoja alieleza kwamba ukigonga kwa ncha ya kidole juu ya njia ya mshipa unaoota upya, mgonjwa husikia kisisimko kuelekea sehemu iliyokufa ganzi. Mahali panaposisimka huonyesha nyuzi mpya zimefika wapi. Njia hiyo haihitaji mashine wala fedha, na mabingwa huitumia hadi leo.

Halafu katika Vita Kuu ya Pili, Herbert Seddon wa Uingereza aliyaweka majeraha ya mishipa katika mafungu matatu, mwaka 1943. Fungu la kwanza ni mshipa uliobanwa au kushtuka tu: nyuzi zote ni nzima ila haziwasiliani, na kwa kawaida hupona wenyewe kwa siku au majuma, kufikia miezi 3. Fungu la pili ni nyuzi za ndani zilizokatika huku ganda likiwa zima: huota tena kwa mwendo ule wa milimita 1 kwa siku. Fungu la tatu ni mshipa uliokatika kabisa. Huu haurudi kamwe kwa kungoja, kwa maana nyuzi zinazoota hazina njia. Hujifunga fundo chungu penye kovu na kukoma hapo.

Ugumu ni kwamba siku ya kwanza mafungu yote matatu hufanana. Mkono umelegea na una ganzi. Kwa hiyo bingwa hutazama namna ya jeraha. Panga, kisu, bati au chupa ikikata mahali penye mshipa na ganzi ikafuata, huhesabiwa kuwa mshipa umekatika mpaka ithibitike vingine, na mgonjwa hupasuliwa mapema, ikiwezekana siku zile zile. Risasi ni jambo jingine. Mara nyingi hupita karibu na mshipa bila kuukata, nao hushtuka kwa kishindo chake. Hapo daktari huweza kusafisha jeraha, kungoja na kupima tena na tena. Vivyo hivyo mfupa wa mkono wa juu ukivunjika na kifundo kikaning'inia, wagonjwa wengi hupona bila kupasuliwa mshipa. Lakini kungoja huku ni kwa kuhesabu siku chini ya macho ya mganga. Miezi 3 ikipita pasipo dalili ya kurudi, suala la upasuaji halifai kuahirishwa zaidi.

UPASUAJI WENYEWE

Mgonjwa hutiwa dawa ya usingizi, au mkono wote hutiwa ganzi kwa sindano. Mkono wa juu hufungwa mkanda unaojazwa hewa ili damu isifunike mahali pa kazi. Bingwa hufanya kazi akitazama kwa hadubini au kwa miwani ya kukuza, kwa sababu uzi wa kushonea ni mwembamba kuliko unywele. Hutafuta ncha zote mbili, hukata sehemu zilizopondeka mpaka aone nyuzi nzima, kisha huzilinganisha akifuata vimishipa vya damu vilivyo juu ya ganda ili kila fungu la nyuzi lielekee mwenzake. Halafu hushona ganda kwa mishono michache.

Sharti kubwa ni kwamba mshipa usivutwe, kwa kuwa mshipa ulioungwa kwa nguvu hupata kovu lisilopitika. Ikiwa pengo ni kubwa, hutiwa kipandikizi. Hanno Millesi wa Vienna ndiye aliyeonyesha mwaka 1972 kwamba vipandikizi vilivyowekwa bila kuvutwa huleta matokeo mema kuliko ncha zilizolazimishwa kukutana. Mara nyingi kipandikizi hutolewa katika mshipa wa fahamu ulio nyuma ya muundi. Gharama yake ni kwamba upande wa nje wa mguu hubaki na ganzi, jambo ambalo watu wengi hulizoea.

Majeraha mazito kupita yote ni yale ya bega, wakati mizizi inapong'olewa shingoni. Zamani ilikuwa ajali ya wachache, na leo huletwa sana na pikipiki: mpanda pikipiki huanguka, bega likaenda huku na kichwa kule. Mzizi uliong'oka katika uti wa mgongo hauna ncha ya kuungiwa. Hapo mabingwa huazima. Huchukua mshipa wenye kazi ndogo, kama ule ulio kati ya mbavu, na kuuelekeza kwenye msuli wenye kazi kubwa zaidi. Mwaka 1994 Christophe Oberlin wa Ufaransa na wenziwe walieleza namna ya kutoa sehemu ndogo ya mshipa wa upande wa kidole cha mwisho, ukiwa mzima, na kuuungia msuli unaokunja kiwiko. Kwa kuwa maungio yapo karibu na msuli wenyewe, nyuzi hazina safari ndefu. Mtu ambaye mkono wake ulikuwa ukining'inia aweza kukunja kiwiko na kupeleka chakula mdomoni.

Na aliyechelewa kabisa asikate tamaa. Misuli iliyokufa haifufuki, lakini kano za misuli iliyo hai huweza kuhamishwa. Kwa mkono unaoning'inia, msuli unaogeuza kiganja kutazama chini hupewa kazi ya kuinua kifundo. Paul Brand alifanya kazi kubwa ya namna hii huko Vellore, India, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa wagonjwa wa ukoma ambao vidole vyao vilikuwa vimejikunja kama makucha. Wengi walioitwa vilema waliweza kushika tena jembe na sindano.

MISHIPA INAYOUMIA BILA DAMU

Yapo pia madhara yanayompata askari bila jeraha lolote. Mkoba mzito wa safari ndefu, mikanda yake ikibana mabega, huweza kulegeza mkono mzima. Pingu zilizokazwa mno huleta ganzi nyuma ya kidole gumba; askari anayemfunga mtu pingu ahakikishe kwamba ncha ya kidole yapita kati ya chuma na ngozi, kisha afunge kitasa cha pili ili zisizidi kujikaza. Mlevi aliyelala kitini mkono ukining'inia juu ya egemeo huamka kifundo hakiinuki. Majeruhi anayetembea kwa magongo asiegemee kwapa. Uzito uwe mikononi, na pabaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya gongo na kwapa.

Majumbani, mama aliyejifungua kwa taabu atazame kama mtoto anainua mikono yote miwili. Mkono mmoja ukilala kimya kando ya mwili, mtoto apelekwe hospitali bila kukawia. Wengi hupona, lakini mtoto aliyefika miezi 3 bila kuweza kukunja kiwiko hana budi kuonwa na bingwa.

KIPIMO KISICHOHITAJI DAWA

Kila aliyekatwa mkono, hata kidogo, apimwe kabla ya kudungwa sindano ya ganzi, maana baada ya sindano hakuna linalojulikana. Afumbe macho, kisha aguswe taratibu mahali patatu: ncha ya kidole cha shahada, ncha ya kidole cha mwisho, na nyuma ya kiganja kati ya kidole gumba na cha shahada. Aseme kama anasikia sawa na mkono wa pili. Kisha afanye mambo matatu: ainue kifundo na vidole kama anayesimamisha gari, aunganishe ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada kuwa duara, atanue vidole vyote. Likishindikana lolote, au mguso ukipungua, jambo hilo liandikwe na mgonjwa apelekwe hospitali ya rufaa, hata kama jeraha ni dogo kama punje.

Mtoto mdogo asiyeweza kujieleza hupimwa kwa maji. Jeraha likiwa limekwisha kufunga, mikono yake ilowekwe katika maji ya vuguvugu kwa kiasi cha nusu saa. Vidole vyenye mshipa mzima hufanya makunyanzi; kidole kilichopoteza mshipa hubaki laini.

Kuhusu huduma ya kwanza, damu izuiwe kwa kukandamiza kitambaa safi na kuinua mkono juu. Kamba au waya usitumike ovyo, kwani kukaza kupita kiasi huponda mishipa iliyokuwa mizima. Ikiwa hapana budi kufunga mkono ili kuokoa maisha, itumike mkanda mpana na saa ya kufunga iandikwe.

KAZI YA JAMAA

Upasuaji ukiisha, kazi huhamia nyumbani, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Kwa miezi mingi mkono hauonyeshi mabadiliko yoyote, na mgonjwa husema kwamba amepasuliwa bure. Wakati huo viungo vya vidole hukakamaa visiponyooshwa. Siku ya daktari kuruhusu ikifika, kila kiungo kikunjwe na kunyooshwa mara kadhaa kila siku kwa msaada wa mkono mzima au wa mke, mume au mtoto, na banzi livaliwe kama alivyoagiza mtaalamu wa viungo. Nyuzi zikifika siku moja na kukuta vidole vimekuwa vigumu kama ukuni, safari yote imekuwa hasara.

Mkono wenye ganzi ulindwe kama mkono wa mtoto. Usishike sufuria, jiko la mkaa wala birika bila kitambaa. Usipime joto la maji ya kuoga. Utazamwe kila jioni kama umepata lengelenge au mchubuko. Fahamu zinapoanza kurudi, hurudi zimevurugika, na mguso wa pamba huweza kusikika kama miiba. Mgonjwa afundishwe upya kwa kushika vitu vya namna mbalimbali, maharagwe, mchanga, kitambaa, sarafu, kwanza akitazama, halafu akiwa amefumba macho.

Yafaa isemwe wazi kwamba mshipa wa mtu mzima uliokatika na kuungwa ni nadra kurudi kama ulivyokuwa. Watoto hupona vizuri zaidi. Lakini kati ya mkono usiojua moto na mkono unaojua, kati ya kidole gumba kilichokufa na kidole gumba kinachofunga kifungo, ipo tofauti ya mtu kuendelea na kazi yake au kutegemea wengine.

Wakubwa wa vikosi na vituo wana sehemu yao pia. Askari anayeficha ganzi kwa kuogopa kuondolewa kazini hufanya hivyo kwa sababu ameona waliosema ukweli wakihesabiwa wavivu. Akiambiwa siku ya kwanza kwamba kusema ni wajibu, na kwamba nafasi yake itamngoja, atasema. Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Basi aliyekatwa na kushonwa, kabla ya kusema amepona, na afumbe macho na kugusa ncha za vidole vyake kimoja kimoja. Kisichojibu kipelekwe kwa daktari leo.